Barua kwa Waliohitimu

Kazi yangu ni kuomba.
Kiswahili hakikuniwekea neno la heshima zaidi:
anayepiga magoti Rubaga anaomba,
anayetingisha kopo kwenye taa za Wandegeya anaomba,
nami mwenye kadi yenye ukingo wa dhahabu,
Mkurugenzi wa Uchangishaji, Wahitimu na Mahusiano ya Umma,
naomba.

Mwomba chumvi huombea chunguche.
Chungu changu kiko chini ya jengo la sayansi:
friji ya nyuzi themanini chini ya sifuri,
ndani yake miaka kumi na moja ya majani ya muhogo
kutoka Apac, Kaberamaido, Luweero,
kila jani na ugonjwa wake, kila ugonjwa na tarehe.
Umeme ukikatika Daktari Ocaya hukimbia
viatu mkononi, kuiamsha jenereta
kama mtu anayemwamsha mlevi nyumba ikiungua.

"Friji haina sura," nilimwambia.
"Nipe shamba. Nipe mama anayecheka."
Akanitazama.
"Nina muhogo uliooza."
Basi nikaupiga picha huo.

Jumanne nilikula samaki na Mzee Rwakitarate,
mwenye saruji, mwenye mabati, mwenye nusu ya Ntinda.
Anataka jina lake ukutani,
herufi zenye kimo cha mbuzi.
"Na friji je, ina pa kuandika jina?"
"Mlangoni, mzee."
"Nani ataliona?"
Nilitabasamu. Nalipwa kutabasamu.
Mwiba wa sangara ulikuwa umenikwama kooni
nikaumeza pamoja na jibu.

Apolot ndiye aliyelifukua daftari la kijani,
majina kwa wino uliofifia, anwani za masanduku ya posta.
Tukatuma barua elfu tatu na kumi na mbili.
Nilitunga mwenyewe sentensi ya kwanza:
Tunakukumbuka. Chuo chako hakijakusahau.
Nilijivunia sana sentensi ile.

Ijumaa akaja mwanamke mwenye gomesi ya zambarau,
kashuka kwenye boda, barua ndani ya mfuko wa plastiki
isipate vumbi.
Tezira, mke wa Yokana Ssemwanga, botania.
Hakusema mjane. Alisema mke.
"Mnamkumbuka," akasema, "nimefurahi.
Basi niambieni, mlimwona wapi mara ya mwisho?
Mimi nilimwona mlangoni, anakwenda kununua mafuta ya taa.
Nimeuliza kambini, nimeuliza gerezani, nimeuliza mtoni.
Miaka hamsini na kitu.
Ninyi ndio wa kwanza kuniandikia."

Mimi nina tamko la mgomo,
tamko la mtihani uliovuja,
tamko la mhadhiri aliyekamatwa,
yote sentensi tatu tatu, yako tayari mezani.
Kaloli alitua juu ya bati, krrr, akajipanga.
Apolot akaleta chai, akasahau sukari.

Tulipekua droo hadi saa tisa.
Tukapata kadi moja ya maktaba:
kitabu cha magonjwa ya mimea ya mizizi,
kirudishwe tarehe tisa Oktoba, 1972.
Hakikurudi.
Alilisoma jina kwa kidole, herufi moja moja,
kama apimaye joto la mtoto.
Kisha akafungua fundo la leso.
"Faini imefika kiasi gani?"

Nilikataa. Akakasirika.
"Alikuwa mtu wa kurudisha vitu," akasema.
Nikapokea shilingi elfu ishirini.
Fomu ya risiti ina visanduku vitatu:
ada, ufadhili, mchango wa jumla.
Kalamu ilisimama hapo muda mrefu.

Jioni Rwakitarate alipiga simu kuhusu kimo cha herufi.
Nikamwacha aite.
Nilikuwa nimeifungua barua kwenye kompyuta,
nimefuta Tunakukumbuka,
nimeandika Tunaomba,
natafuta neno la kufuata

umeme ukakatika,
na huko chini, kwenye ngazi,
nikasikia nyayo za Ocaya zisizo na viatu.